Sindano za Kitione

Pangai, Lifuka,
Ha'apai, Tonga.
17 Juni 2025

Mpendwa Tokilupe, mwana wa kaka yangu,

Pokea salamu zangu kabla ya maneno yangu, maana maneno ya leo si ya kupokelewa na tumbo tupu. Hujambo? Mumeo Craig hajambo? Lopeti ameacha kutokwa na damu puani? Na Seini, bado anakataa kula samaki mwenye kichwa? Mwambie samaki asiye na kichwa mimi simwamini, maana sijui anaficha nini.

Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Mume wangu Sosaia goti linamsumbua kila mvua inapotaka kunyesha, na pia kila inapofika zamu yetu ya kufyeka makaburini. Nguruwe wanazaa. Kwaya yetu imeshindwa tena na ile ya mtaa wa pili, na nina mashaka makubwa na yule mwamuzi, kwa sababu mke wake alizaliwa mtaa ule ule.

Sasa tuingie kwenye kazi uliyonituma. Ulinipigia simu ukilia, ukasema shirika limekuandikia kwamba mtoto unayemfadhili, Kitione wa kisiwa cha Fonuamalie, amevimba miguu na miezi inapita hajachomwa sindano yake. Tena wakakuambia kwamba asipochomwa, madaktari wa moyo wanaokuja mwezi wa kumi hawatampokea. Ukaniambia, "Shangazi, nenda ukaone kwa macho yako, lakini usiseme nani amekutuma. Kama wananidanganya, najitoa mwezi huu huu." Mimi mtu akinituma kuchunguza hahitaji kuniambia mara mbili.

Ukweli ni kwamba nilianza kulishuku shirika lenyewe kabla hujanituma. Yale makaratasi yao uliyoniletea Krismasi niliyatazama vizuri. Kila mtoto anacheka. Wa kiti cha magurudumu anacheka, asiyeona anacheka, mwenye tundu la moyo anacheka, na wote wamesimamishwa mbele ya mnazi mmoja. Mtoto mgonjwa hachekeshwi kirahisi hivyo. Nikasema hapa kuna mtu anakula, na mnazi ule unamjua.

Basi nikajifunga mkeka wangu mzuri kiunoni, kama inavyovaliwa huku kwa heshima, nikabeba viazi vikuu na mikate, nikapanda boti inayopeleka unga visiwani. Niliwaambia abiria nakwenda kumwona rafiki wa marehemu mama. Kumbe ndani alikuwamo Fusi wa duka la kona, unamjua mdomo wake.

"Rafiki gani huyo, Mama 'Akesa, ambaye hata msibani hatukumwona?"

"Alikuwa anangoja wewe umalize kula ndipo aje."

Watu wakacheka na yeye akatulia, lakini aliendelea kunitazama pembeni njia nzima. Nilimwelewa, hata mimi ningejitazama.

Nyumba ya akina Kitione haikunichukua muda kuiona. Ina bati jipya linalong'aa. Nikajisemea, naam, ndiyo hayo, dalili ya mvua ni mawingu. Mama wa mtoto anaitwa 'Ungatea. Ni mwanamke mrefu, mpole, ana mama mkwe aliyelala kitandani chumba cha nyuma ambaye hawezi kujigeuza mwenyewe. Alinikaribisha vizuri, akanipa majani ya taro yaliyopikwa na nyama ya kopo. Nyama yenyewe ilikuwa nyingi. Nikaitilia shaka na nyama.

"Bati zuri," nikamwambia.

"Ni la baba watoto. Yuko Australia, anachuma nyanya."

"Nyanya zinaezeka nyumba siku hizi?"

"Zinaezeka, mama, ila zinamla mtu mgongo."

Nikaendelea kula.

Kisha nikamwona mtoto mwenyewe. Tokilupe, hapa nitasema bila utani. Alikuwa ameketi karibu na mlango, miguu ameiweka juu ya mto, na miguu ile imejaa kama ya mtu mwingine aliye mnene, wakati shingo na mabega ni ya ndege. Mshipa wa shingoni ulikuwa unaruka mpaka niliuona kutoka nilipokaa. Aliponiona akasimama kunisalimu kwa adabu, na kule kusimama tu kukamaliza pumzi yake. Akashika nguzo, akasubiri, ndipo akasema, "Karibu, bibi." Ana miaka kumi na mitatu. Moyo wangu uliniuma. Kwa hiyo lile la kwanza ulilotaka kujua ndilo hilo: mtoto yupo, na anaumwa kweli kweli. Miaka mitatu iliyopita alianza kuumwa koo, kisha magoti, kisha ugonjwa ukahamia kwenye moyo ukaharibu vali, vile vilango vya damu, kama wanavyoharibika watoto wetu wengi. Ile sindano ya kila mwezi haimponyi, inauzuia ugonjwa usirudi kumalizia kazi.

Nikamsubiri atoke nje, nikamuuliza mama yake, "Anachomwa sindano?"

"Atachomwa."

"Lini?"

"Mungu akipenda."

"Mungu anapenda kila mwezi, mwanangu. Anayechelewa ni nani?"

Akainua sufuria ambalo halikuwa na shida yoyote, akalitoa nje, na hakurudi mpaka nilipoanza kuzungumzia mvua. Mtu anayekimbia na sufuria ana jambo. Nikaamua kwenda zahanati.

Zahanati ya Fonuamalie ni chumba kimoja na baraza. Nesi wake ni msichana anayeitwa Losaline, safi, nywele amezibana, sauti ya chini. Yuko pale tangu mwaka jana, alipostaafu mzee Filimone aliyekuwa nesi wa kisiwa kile tangu ujana wake. Nikajifanya nina presha. Akanipima, kumbe ninayo kweli. Alipofungua friji la dawa, mimi nikanyoosha shingo. Tokilupe, friji limejaa! Vichupa vya sindano vimepangwa, kila boksi limeandikwa Kitione kwa kalamu nyekundu, na hakuna hata moja lililofunguliwa.

"Dawa za nani hizo zote?"

"Za mgonjwa, mama."

"Mgonjwa gani huyo ana dawa kuliko magonjwa?"

Akafunga friji. "Mama," akasema, "presha yako inapandishwa na maswali."

Basi nikatoka pale nimeshamaliza kesi. Kwangu ilikuwa wazi kama mchana: nesi anazificha dawa, mama anajua, wamegawana, na siku moja zitauzwa kwa Wazungu wa mashua za starehe wanaopita pale. Kilichobaki ilikuwa ni mimi kufunga mdomo mpaka nikupigie simu. Lakini nilipita dukani kununua sabuni, Fusi akiwa amekaa pale anapunga upepo, nikajikuta nimemwaga mtama kwenye kuku wengi. Nikasema nesi wao ni mwizi wa dawa za watoto. Nikasema kwa sauti.

Sabuni haikulowa maji kabla 'Ungatea hajanifikia. Yule mwanamke mpole alikuja amefura, mikono ina unga hadi kwenye viwiko, akasimama mbele yangu uwanjani huku watu wanatazama.

"Nimekulisha nyumbani kwangu, halafu unamwita mwanangu mwizi?"

"Sijamsema mwanao. Nimemsema nesi."

"Losaline ni mwanangu! Baba yake ni kaka mkubwa wa mume wangu. Ni dada yake Kitione, wewe mama. Ni dada yake!"

Hapo watu uwanjani wakaanza kugeuka na kuondoka, kwa sababu sasa neno lilikuwa limesemwa.

Wewe uliondoka hapa ungali mgongoni, na huko Brisbane kaka na dada wanakaa kochi moja na kurushiana taulo, kwa hiyo nitakueleza. Baba yako Maka na mimi tulipendana sana, unajua. Lakini tangu nilipokuwa msichana hakuwahi kuingia chumba nilicholala, na nikiwapo hakuna mtu aliyethubutu kufanya mzaha wa mwili mbele yetu. Alipovunjika nyonga nilimpikia kila siku, ila uji wake alipelekewa na wengine. Hiyo ndiyo heshima, haina mjadala. Na mtoto wa baba mkubwa au wa shangazi si binamu kwetu, ni dada au kaka mzima. Sasa ile sindano, mwanangu, haichomwi mkononi. Ni dawa nzito, inachomwa tako. Mzee Filimone alipokuwapo hapakuwa na tatizo. Alipokuja Losaline, kisiwa kizima kilibaki na nesi mmoja tu, na huyo mmoja ndiye mtu pekee duniani asiyeweza kumwambia Kitione avue suruali.

'Ungatea alimleta mtoto Pangai mara mbili. Kisha mama mkwe akaanguka, na nani amgeuze kitandani akiondoka? Losaline aliomba mara tatu ahamishwe, mwenzake yeyote aje Fonuamalie. Kila mara aliandika "sababu za kifamilia," na kila mara wakubwa wakamjibu kwamba kila mtu ana familia. Angeandika nini zaidi? Kuutaja mwili wa kaka yake kwa bosi ndiyo aibu yenyewe.

Na huyo Bethany wa shirika, ambaye nimegundua ni binti mwema sana na bado simwamini na kamera yake, alikuja mpaka kisiwani kutafuta sababu. Akawakusanya wote chumba kimoja, Kitione huku na Losaline kule, akauliza kwa upole mbona mtoto hachomwi sindano. Wote wakainamisha vichwa. Hata mkalimani aliona haya, akatafsiri nusu. Bethany akaandika kwamba familia haitoi ushirikiano. Yeye ni mgeni, nimemsamehe. Mimi niliyezaliwa hapa niliona vichwa vile vile vilivyoinama, nikaita wizi. Hilo linaniuma mpaka sasa ninapoandika.

Nilikwenda zahanati kumwomba Losaline radhi, na nikawabeba Fusi na wale wote wa dukani waje wasikie, maana tusi la hadharani haliombewi radhi uchochoroni. Alinisikiliza, akalia kidogo, kisha akanipima presha tena. Nilipobaki naye peke yangu akaniambia kwamba wakati miguu ya mtoto ilipoanza kujaa alisema liwalo na liwe, akaijaza sindano, akaenda nyumbani kwao. Kitione alipomwona akatoka dirishani, akakimbia na moyo ule ule mbovu hadi wakamkuta ameanguka karibu na kanisa. Tangu hapo hakuthubutu tena.

Nikamwendea mtoto. Nikamwambia, "Wewe unataka kufa kwa sababu ya suruali?"

"Bibi, akinichoma nitapona. Lakini nitamtazamaje?"

Mimi nikatoa wazo la shuka lenye tundu, mmoja huku na mwingine kule, asionekane mtu. Yeye na mama yake walinitazama kama niliyependekeza kumpika mchungaji. Basi nikaliacha.

Ndipo nikasema, haya, naondoka na mtoto. Hospitali yetu ya Pangai ina nesi mwanamume, mnene, anatoka kule Niuatoputapu, na nimemhoji vizuri mpaka kwa bibi zake: hana undugu na mtu yeyote wa Fonuamalie. 'Ungatea alikwenda kukaa kidogo na mama mkwe wake, akarudi macho mekundu, akaanza kukunja nguo. Watoto wetu tumezoea kuwapa ndugu wawalee, lakini kuzoea hakumfanyi mama asilie.

Siku ya kuondoka Losaline alibeba mwenyewe boksi la barafu lenye dawa, akaliweka mchangani, akarudi nyuma hadi chini ya baraza la ghala. Kitione akaenda, akaliinua kwa mikono miwili, akapanda boti. Hawakusemeshana. Njia nzima hakukubali mtu mwingine ampokee lile boksi.

Ameshachomwa. Amepewa na vidonge vya kutoa maji mwilini, anakwenda chooni kama mzee Sosaia. Daktari amesema akikamilisha sindano zake zote mpaka mwezi wa kumi, jina lake litapelekwa kwa wale madaktari wa upasuaji. Nikamwambia aniandikie. Akasema hakuna haja. Nikamwambia ipo, nikakaa kwenye kiti mpaka akaandika. Hakuniahidi kwamba watamchagua, wala hakuniahidi kwamba atapona, na hapo angalau nilimwamini. Bethany nimempigia simu nikamweleza yote bila mkalimani. Akauliza kwa nini hawakumwambia. Nikamjibu kwamba aliwauliza kaka na dada mmoja mbele ya mwenzake. Afisa wa manesi naye nimemwendea, nikalisema mimi lile ambalo Losaline hawezi kulisema. Umri wangu umeshamaliza aibu. Amekubali kutuma nesi mwingine wa kuzungukia kisiwa kile, ila ameniambia "hivi karibuni," na neno hilo nalijua, kwa hiyo Alhamisi narudi ofisini kwake.

Limebaki jambo moja, nalo ni lako. Mtoto amekuja na barua zako. Zote anazo, amezifunga pamoja na Biblia kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Nikamuuliza, mbona hujawahi kumjibu mtu huyu anayekuandikia kila mara? Akageuka akaanza kuchokoa mkeka. Nikaichukua moja nikaisoma. "Mpendwa Kitione, mimi ni dada yako wa Brisbane. Je, miguu imevimba? Unapata choo? Unalala vizuri usiku?" Tokilupe! Nilitaka kuingia chini ya kitanda kwa niaba yako. Najua shirika ndilo linalowafundisha mjiite dada na kaka wa watoto hawa, lisikike tamu. Lakini mtoto huyu amekimbia dada mmoja kupitia dirishani, halafu anapokea mwingine kwa posta.

Basi sikiliza, mimi ni shangazi yako, na unajua neno la shangazi juu yako halina rufaa. Mtoto huyu nimempokea nyumbani kwangu kama mjukuu. Sosaia alitaka tumwite mwana, nikakataa, na nina sababu. Angekuwa mwanangu angekuwa kaka yako, tungerudi pale pale. Akiwa mjukuu wangu, kwako ni mtoto. Nimeshamwambia kwamba yule wa Brisbane alikosea kujitambulisha, amekulia ugenini, si dada yake hata kidogo. Ni mama yake.

Akatoka nje, akakaa na nguruwe. Baadaye aliingia jikoni nilipokuwa namenya viazi, akasimama mlangoni, uso ameuelekeza ukutani, akasema haraka kama mtu anayemeza kidonge:

"Bibi, ukimwandikia mama wa Brisbane, mwambie miguu imepungua. Na usiku nalala, sikai tena kutafuta pumzi. Na muulize kama wakinipasua atakuja."

Viazi vilinishinda kumenya. Sikumjibu, kwa sababu swali hilo si langu. Usijitoe, Tokilupe. Barua ijayo mwandikie yeye mwenyewe, umjibu, na mwisho, badala ya "dada," uweke "mama."

Nisalimie Craig, na umwambie kwamba ule ubao wake wa kutelezea mawimbi bado uko chini ya nyumba, hakuna aliyeuiba, nautazama kila asubuhi. Nisalimie Seini na Lopeti. Waambie wamepata kaka, na Seini ajifunze adabu ya dada kwa kaka kabla hajaja huku. Wanangu Vika na Mosese, ndugu zako, wanakusalimu. Sosaia anakusalimu na goti lake. 'Ungatea anakusalimu kwa machozi, na Losaline ananiomba nikusalimie bila kutaja jambo lolote. Mungu awafunike wote kwa mkono wake, awaongoze mchana na usiku, na mwezi wa kumi awe macho.

Mimi wako nikupendaye wewe bila shaka yoyote, na wengine baada ya kuwachunguza,

Shangazi yako,
'Akesa